Masikio ya Muuza Magodoro

Alikuwepo muuza magodoro mmoja, mtu na akili zake, ila kwa masikio alikuwa jini. Sisimizi apige chafya nyumba ya tatu, yeye huku anaitikia, "Afya!" Ukiona hapo pametiwa chumvi, ujue imepunguzwa.

Chumba cha nyuma alikifanya cha santuri. Kuta kazibandika magodoro, spika mbili kubwa kama makabati, na mkewe marufuku kukohoa mpaka wimbo uishe. Ukimtajia muziki wa simu anakunja uso kama kalamba ndimu. "Ule umekamuliwa," anasema. "Wamekunywa maji, wamekuachia makapi."

Sasa shemeji yake, mdogo wa mkewe, alitaka kuoa na hana pa kumweka bibi harusi. Jicho likamganda kwenye kile chumba.

"Shemeji, nyimbo za dunia nzima zimo humu mfukoni. Wewe unafuga vumbi."

"Mimi nitakutenganishia santuri na simu hata nikiwa usingizini!"

"Haya, geukia ukuta. Ukikosea, chumba changu."

"Nikipatia je?"

"Nikikitaja tena chumba hiki, niite mbwa."

Mke akawa shahidi, maana tangu waoane hajamdanganya mumewe hata kwa mzaha. Mzee akafungwa kitambaa machoni. Shemeji akaunga simu kwenye spika, santuri akaiacha izunguke bure, sindano iko juu. Wimbo ukapigwa, ukaisha. Ukapigwa tena, kwa simu ileile.

"Zote mbili simu," mzee akasema. "Ngoma imepauka kama chai iliyochemshwa mara ya pili. Mnanichezea nyie."

Shemeji akamkazia dada yake macho, kisha akaangua kicheko.

"Masikini shemeji yangu! Zote mbili santuri!"

"Mwongo mkubwa! Mama watoto, sema wewe."

Mwanamke akayatazama yale magodoro ukutani. Vikohozi vyote alivyomeza miaka hiyo vikampanda kooni.

"Santuri, mume wangu. Nimeona kwa macho yangu."

Mzee akavua kitambaa, akaona santuri bado inazunguka. Akatia kidole sikioni, akakitikisa. "Kumbe nimekwisha," akasema, akaanza kutoa makasha ya santuri mwenyewe. Shemeji hata mkono hakunyoosha. Alikuwa anapima pa kuweka kitanda.

Mzee akaenda kwa daktari. Daktari akamwambia masikio ni mazima kabisa. Akatoka analalamika kwamba siku hizi hata madaktari wanamwonea mtu huruma.

Sasa anashinda dukani na simu chakavu aliyopewa na shemeji, inaimba juu ya rundo la magodoro.

"Mzee, mbona wimbo unakwaruza hivyo?" wateja wanamuuliza.

Anatega sikio. Mkwaruzo anausikia wazi, kama kucha juu ya bati.

"Unakwaruza?" anasema. "Ngoja nimpigie shemeji, yeye ndiye anayejua."