Kilomita za Mwalimu Gichuru

Mwalimu Gichuru wa fizikia alikuwa jirani yangu Kiganjo, ukuta kwa ukuta, na nasema wazi kwamba alinichosha. Mwaka ule wa tisini na sita hakuwa na hadithi ila ya vyombo vya anga ambavyo Wamarekani hurusha na watu ndani. Safari sabini na kitu, alisema, na ni kimoja tu kilicholipuka. Ukigawanya vifo kwa kilomita, hata baiskeli ni hatari zaidi.

Mkewe, Wamboi, alikuwa akipima kahawa Ruiru. Mwezi wa Machi, akielekea kazini, aliona lori likigonga gari lililokuwa mbele ya matatu yake, naye akasaidia kuwatoa watu. Tangu hapo hakula vizuri. Akaomba wahamie Ruiru. Lakini mwalimu alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba yao Kiganjo, na hakutaka kusikia.

Jumapili moja nilikuwa nje nikichagua maharagwe mwalimu alipochukua chaki akaandika mlangoni kwao, mkewe akitazama.

"Mama Ciku, safari moja ya Ruiru haina hatari yoyote. Wanaopaswa kuogopa ni wale wa anga. Katika safari sabini tu wamepoteza watu saba."

"Jana ulisema hao ndio salama."

"Jana nilihesabu kilomita."

"Baba Ciku, sisi hatupimi kahawa ya huyu kwa debe na ya yule kwa kilo. Wakulima wangetupiga mawe. Shika kipimo kimoja."

"Haya, safari."

"Wale huenda mara mbili, tatu, basi. Mimi, kwenda na kurudi, ni safari mia sita kwa mwaka. Zidisha kwa miaka yangu yote ya kazi."

Akazidisha. Chaki ikasimama. Akafuta mlango kwa mkono wa shati, akaingia ndani. Nilimhurumia, lakini nilimkasirikia zaidi: jibu alikuwa amelipata, kwamba mkewe ana haki ya kuogopa, na hakulisema.

Wiki mbili baadaye mwalimu alitoka shuleni akakuta pikapu mlangoni, godoro limeshafungwa. Wamboi alikuwa amepata chumba Ruiru.

"Ngoja Disemba, shule zifungwe," mwalimu akasema. "Nimekubali tuhame."

"Nilikwambia naogopa, Baba Ciku. Ukachukua chaki."

Akapanda, akaenda. Mwalimu akakaa kwenye ngazi yangu, saa mkononi.

"Atakuwa amepita Juja sasa?" akaniuliza.

Sikujua. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena.