Mama na kile kidole cha phonie

Leo Mama ametufunga kinywa nyumba yote.

Iko na miaka sabini na nne. Juzi alitia chumvi mara mbili mu sombe, yale majani ya muhogo. Minye nikawaza, kichwa inaanza kuchoka, heri nimufundishe kutuma sauti ku simu.

"Mama, finya hapa, sema, kisha achia."

Akaninyang'anya simu. "Miaka ya tisini, wakati ndugu zetu walifukuzwa huku, nani alikuwa anaita mujomba wako Kasai ku phonie, ile redio ya parokia? Weye?"

Akafinya. "Kolwezi, Kolwezi, huku Likasi. Batoto walikula? À vous."

Akaachia. Ku phonie, "à vous" ni kusema: nimemaliza, sasa zamu yako.

Yaya, dada yangu mukubwa wa Kolwezi, akajibu mbio. Tukaanza kucheka.

Mama akainua kidole. "Kimya. Hajasema à vous. Hajamaliza."

Yaya, kama unasoma hii, sema à vous basi. Mama hataki tuseme wala tule mbele umalize, na sombe inapoa.