Mbegu za Deodata Juu ya Mafiga

Mvua ya kwanza iliponyesha kijijini Mabawe, majirani wa Deodata walitoka na majembe. Yeye alibaki jikoni, macho juu.

Huko juu ya mafiga yalining'inia mafurushi ya mbegu za maharage, yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake: moshi hufukuza wadudu, ila moto mkali huua mbegu. Lakini mama mkwe alifariki kiangazi hichohicho, na wapishi wa matanga wakawasha magogo humo jikoni mchana na usiku, asikumbuke mtu kuyashusha mafurushi. Mbegu nyingine Deodata hakuwa nazo.

"Shemeji, twende!" Nyandwi, mdogo wa mumewe, alisimama mlangoni. "Au unasubiri maharage yajipande yenyewe?"

"Nasubiri wewe unyamaze."

Tangu jana alikuwa amelowesha punje chache za kila furushi, kila furushi na kikombe chake. Akachukua moja, akamenya ganda, akaipasua kwa ukucha. Nusu mbili nene zikaachana. Hizo ni chakula tu, akiba ya safari. Alichokitafuta kilijibana pembeni: mche wenyewe, mdogo kabisa, kamkia ka mzizi na vijani viwili vilivyolaliana kama mbawa za kumbikumbi. Hicho ndicho kinachoota.

Kilikuwa cha kahawia. Alipokigusa kikavunjika.

Nyandwi akaokota punje kavu. "Mbona inang'aa? Tupande tu, Mungu ataotesha."

"Hata maiti huvalishwa vizuri, shemeji."

Nyandwi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Furushi la pili, vilevile. Lililofuata, vilevile. Deodata hakuinua kichwa. Akafikia vikombe vya mafurushi yaliyofungwa mbali na moto, karibu na ukuta. Akapasua. Vijani vyeupe, mkia mweupe, laini. Akapasua nyingine ya furushi lilelile, asije akajidanganya. Nyeupe.

Lakini maharage yaliyo hai yalikuwa machache, hayatoshi hata nusu ya shamba.

"Basi tumekwisha," alisema Nyandwi.

"Umekwisha wewe. Haya tunayapanda leo. Panapobaki tunachomeka mihogo, kwa jirani Tecla vijiti vya kupanda vimejaa uani."

"Na yaliyokufa?"

"Hayaoti, ila yanaiva. Bandika sufuria, halafu unifuate."

Akajitwisha mbegu zake, akatoka kwenye manyunyu.