Mchonga mawe aliyekataa kuchonga uwongo

Saa mbili asubuhi, Visitación Ariza anapuliza vumbi kwenye herufi aliyomaliza kuichonga, anaipapasa kwa kidole gumba, kisha anashika tena nyundo. Karakana yake iko nyuma ya makaburi ya Valdecierva, kwenye viunga vya Madrid. Redio inaongea peke yake. Ana miaka sitini na moja, ila vumbi limeshampa nyusi nyeupe za ajuza.

Jiwe lililo mbele yake ni la mwoka mikate aliyezikwa wiki iliyopita. Makaburi mengi ya hapa yana mkono wake.

"Wafu hawajawahi kunisumbua," anasema. "Wanaonisumbua ni walio hai wenye vyeo."

Anasema hivyo bila kucheka.

Yalianza mwaka jana, baraza la manispaa lilipoamua kuweka vibao vya historia mjini. Diwani wa utamaduni, kijana aitwaye Borja Lastra, alikuja mwenyewe kuagiza cha kwanza, cha bomba la maji la umma kwenye uwanja wa mtaa wa Las Eras. Maneno yalikuwa haya: maji yaliletwa mtaani hapa mwaka 1974 kwa jitihada za meya Aurelio Pintado.

Visi, kama wote wanavyomwita, aliyasoma mara mbili.

"Nani kakwambia haya?"

"Yako kwenye nyaraka, Bi Visi."

"Niachie. Nitakujibu."

Jioni alimsomea mama yake, Casilda, mwenye miaka tisini na moja, aliyekuwa akinywa supu ya kitunguu saumu. Bibi akaweka kijiko chini.

"Pintado? Yule katuletea polisi, mwanangu. Maji tulijiletea wenyewe."

Wakongwe wote wa Las Eras wanaijua habari hiyo. Walitoka vijiji vya Extremadura, mbali magharibi mwa nchi, kufuata kazi za viwandani, wakauziwa viwanja visivyo na maji wala barabara, wakajijengea. Lori la maji lilikuja lilipotaka. Lisipokuja, wanawake walibeba mitungi hadi stesheni. Walipoomba waunganishiwe bomba, ofisi ya meya iliwajibu kwamba mtaa wao haupo kwenye ramani.

Basi waume zao wakiwa viwandani, wanawake wakashika sururu, wakaanza kuchimba mtaro kutoka bomba kuu. Pintado akatuma polisi. Zilikuwa siku za udikteta, na kukusanyika tu kulikuwa kosa. Walilala mahabusu, wakaachiwa, wakarudi mtaroni.

Kisha udongo ukaporomoka, ukamfukia Obdulia Cañas, mama wa watoto wanne. Wenzake walimfukua kwa mikono. Alikuwa ameshakata roho. Meya hakufika mazikoni. Gazeti moja la Madrid lilipoandika, ofisi ikaona haya na maji yakaunganishwa. Siku ya kufungua bomba, Pintado alikuja na mpigapicha.

"Nilikuwa na miaka tisa, nawapelekea maji ya kunywa," anasema Visi. "Nilimwona Obdulia alivyotolewa. Leo nichonge kwamba maji kayaleta yule bwana? Kwa mkono huu?"

Alikataa kazi. Halafu akaenda kwenye kikao cha baraza, ambapo mwishoni wananchi huruhusiwa kuuliza. Wanawake wa Las Eras walikuwa wamejaa ukumbini.

"Bwana diwani, kwenye kibao chako Obdulia yuko wapi?"

"Bi Visi, sisi hatutungi historia. Nyaraka zina jina la meya tu."

"Lazima ziwe nalo. Kalamu alikuwa nayo yeye."

"Tunaziheshimu hisia zenu, lakini…"

"Hisia? Mwenzetu alikufa, mwanangu. Hiyo si hisia."

Akaambiwa muda wake umekwisha.

Kibao kilitengenezwa mji mwingine, kwa shaba, kikafungwa bombani na bendi ikipiga. Muda si mrefu, kandarasi ya kukarabati makaburi ya manispaa, iliyompa Visi zaidi ya nusu ya kipato chake, ikaenda kwa karakana nyingine. Baraza linasema zabuni ilikuwa ya wazi. Visi anakiri hana ushahidi kwamba ni kisasi. "Lakini na mimi si mtoto," anasema.

Badala ya kunung'unika alinunua jiwe la itale. Akachonga jina la Obdulia juu, na chini yake majina ya wote waliochimba, mama yake akiwamo. Binti wa Obdulia, Paulina, ambaye nyumba yake inatazamana na bomba, akatoa ukuta wake. Jumapili moja baada ya soko majirani wakalipandisha.

Wiki haijaisha, mkaguzi wa majengo akabisha hodi. Sura ya nyumba imebadilishwa bila kibali, alisema, na faini ipo.

Paulina alimjibu akiwa mlangoni. "Mama yangu alipokuwa hai nyumba hii mlikuwa hamuioni hata kwenye ramani. Leo mpaka jiwe ukutani mnaliona?"

Mtaa ulipika makombo ya mkate kwa soseji, chakula cha vijijini kwao, katika sufuria kubwa kwenye sherehe za kiangazi, ukauza, ukalipa faini. Jiwe halijaondoka. Casilda hupelekwa pale mchana kukiwa na jua, akakaa kitini akisoma majina kwa sauti, na kila mara huongeza habari ya mtu: huyu alikuwa mchokozi, huyu aliimba vibaya.

Kazi imepungua na viganja vya Visi vinauma. Hata hivyo anataka, kabla hajaiweka nyundo chini, majina yale yahamie kwenye bomba lenyewe, mali ya mji, si ukutani kwa mtu kama ya kuombaomba. Mwakani kuna uchaguzi wa manispaa, na wagombea watapita mlango kwa mlango.

"Waje," anasema huku akikung'uta aproni. "Ila anayetaka kura ya nyumba hii aje na bisibisi. Tutakwenda naye hadi bombani, akifungue kile kibao nikimwangalia. Kura tutaiongelea baadaye."