Mwasumini Ulioshiba Maji ya Samaki

Nikisikia shombo, mimi hukumbuka asumini. Kwetu Ufukoni, Mtwara, harufu hizo mbili zilikaa ukuta mmoja. Kila alasiri bibi yangu, Bi Somoe, alipomaliza kuosha samaki wa babu, alibeba beseni la maji yenye magamba na kuyamwaga taratibu kwenye shina la mwasumini uliopanda ukuta wa jikoni. Alisema mti hulishwa kama mtoto. Nao ulikula kweli: ulitambaa hadi kwenye mabati, majani yakawa ya kijani kizito, lakini kwa misimu miwili haukutoa hata ua moja.

Jambo hilo lilimuuma, maana zamani maharusi wa mtaa mzima walivaa vikuba vyake, vile vishada vya asumini na rehani. Sasa jirani yetu, Mama Hadija, alichungulia juu ya ukuta na kuuliza, "Bi Somoe, mboga hiyo mnaiunga kwa nazi au kwa karanga?" Bibi alicheka kwa mdomo tu. Mama yangu naye akaamua kwamba baada ya Idi mti ung'olewe, jiko lipanuliwe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tayari nimewachosha watu kwa maswali. Niliona kitu: tawi moja lilikuwa limevuka nyuma ya choo, likagusa kifusi na kuota mizizi yake huko. Hakuna aliyelimwagilia. Lilikuwa jembamba, limepauka kwa jua, na lilikuwa na maua. Kwa nini kinachosahaulika kinukie, na kinacholishwa kinyamaze? Nikajitolea kubeba beseni, kisha nikawa nayamwaga maji yake kwenye mnazi wetu wa uani. Siku ya nne bibi alinifuma. Nilitegemea kofi, nikamwonyesha lile tawi. Aliliangalia muda mrefu, akalinusa.

"Haya, tuone," alisema. "Lakini usipochanua, utaung'oa wewe, kwa mikono yako."

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Majani yalidondoka, mama akaanza kulipima jiko kwa kamba. Halafu, siku mbili kabla ya Idi, yakatokea matumba meupe ya maua, kama punje za mchele, kwanza kumi, kisha ukuta mzima. Mfungo mosi, mwezi ule ule wa Idi, Mama Hadija alimwoza binti yake, akaja kwa upole kuomba asumini.

"Chuma, mwanangu," bibi alimjibu. "Nazi unayo?"

Kamba ya mama ilirudi kufungia mbuzi.

Baadaye chuoni nilisoma udongo, nikajua kwamba shibe kubwa huzaa majani. Lakini jibu hilo nilikuwa nalo tangu nyuma ya choo, na hakuna mtihani uliowahi kunipa furaha kama ile. Leo kijitoto cha tawi lile kimejaa maua kwenye ndoo barazani kwangu, na hakijawahi kuonja shombo. Juzi bibi alikuja, akachuma ua, akalichomeka nyweleni. Hakusema kwamba nilishinda. Alisema tu kuwa ule mnazi, tangu uanze kupewa yale maji, umezaa mpaka wapandaji wamechoka.