Shokapu za Kumbebea Mama Mkwe

Dominick ana pikapu iliyozeeka kuliko ndoa yake, na ndoa yake ina miaka ishirini na sita. Hapa kijijini kwetu, pembeni ya Nyangamara, gari hilo limeshabeba korosho, mihogo, mabati, maharusi na maiti. Mwenyewe ni mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Mimi ni jirani yake na mtani wake, kwa hiyo nina ruhusa ya kuyasema haya, na hata asingenipa ningeyasema.

Mwezi wa tisa mama mkwe wake, Bibi Emerensiana, aliteleza akiokota korosho akavunjika nyonga. Wanawake wakamlaza nyuma ya pikapu, Dominick akamkimbiza hospitali Lindi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa siku nyingi, zimevuja mafuta mpaka zikakauka, na gari lilikuwa linaruka kwenye kila kijishimo. Bibi alilia njia nzima. Sasa huku kwetu mkwe anaheshimiwa kwa mbali: hukai naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, jina lake hulitaji, na habari za mwili wake hazikuhusu kabisa. Dominick, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mama yule hata akipaza sauti, alimsikia akilia kwa zaidi ya saa mbili. Aliporudi chakula kilimshinda. Aliniambia neno moja tu: "Sitaki kusikia tena."

Bibi akapasuliwa, akawekewa chuma, na baada ya wiki tano daktari akaruhusu arudi nyumbani. Lakini akaonya: asafiri amelala, na asitikiswe, maana nyonga ile ikiumia tena huenda asitembee maisha yake yote. Ngazi za basi hawezi kuzipanda. Gari la wagonjwa linapeleka watu hospitali, halirudishi waliopona. Ilibaki pikapu.

Siku moja kabla ya safari tukaenda Lindi, mimi na yeye. Duka la spea la Abilahi limeshikana ukuta na gereji ya fundi Likwata, ukinunua huku unafungiwa kule. Abilahi akauliza swali ambalo muuza shokapu yeyote mwenye akili lazima aulize.

"Shikamoo mzee. Gari linabeba nini?"

"Marahaba," akajibu Dominick, akatazama chini kidogo. "Korosho."

Nikamgeukia. Abilahi hakuona ajabu yoyote. Msimu huu kila mwenye pikapu anabeba korosho. Akashusha shokapu mbili za gesi, nene kama mhogo wa miaka miwili, za gari la kujaza magunia mpaka juu. Dominick akaisimamisha moja sakafuni akaikandamiza kwa mikono miwili. Ilikataa kuzama. Akatabasamu, kwa sababu madereva wa korosho wote wana ugonjwa huo: kikiwa kigumu ndiyo kizuri.

Nikamvuta shati. "Mwambie ukweli."

"Nimwambie mtu nisiyemjua habari za nyonga ya mkwe wangu?" akaninong'oneza kwa hasira. "Mimi sina adabu?"

Adabu ni kitu kizuri, lakini nyingine ni ujinga uliovaa kanzu. Ningepaswa kusema mimi mwenyewe. Nikanyamaza, na kwa hilo nina lawama yangu.

Likwata akazifunga. Akiwa chini ya gari akaliona bapa la chuma ambalo Dominick aliliongeza kwenye springi mwaka juzi ili gari lisikae chini likijaa. "Hili zuri sana kwa korosho," akasema, akaliacha palepale.

Mchana akaja Veronika, mke wa Dominick, ambaye wiki zote tano alikuwa akimuuguza mama yake. Hakusalimia sana. Akapanda nyuma, akatandika godoro, akalala chali kama mama yake atakavyolala, akasema, "Endesha."

Dominick akazunguka njia ya vumbi iliyo nyuma ya gereji. Gari lililoandaliwa kwa mzigo wa tani likimbeba mtu mmoja halizami kwenye shimo, linamrusha. Tulimwona Veronika akirukaruka juu ya godoro kama bisi kwenye kikaango. Likwata akaanza kucheka, kisha akaiona sura ya Veronika akishuka, kicheko kikamwishia.

"Baba Stephano," Veronika akamwambia mumewe, "umewaambia ni nani atakayelala humu?"

Dominick akainama kukagua tairi.

"Nakuuliza wewe. Umewaambia nini?"

"Nimesema korosho."

Veronika akamwangalia, kisha akawageukia Abilahi na Likwata na kuyasema yote: mama, nyonga, chuma, onyo la daktari. Abilahi akashika kichwa. "Lahaula! Mzee wangu, ulitaka kunibebesha dhambi?"

Likwata alikuwa ameshashika spana. "Mama ana kilo ngapi?" akamuuliza Veronika.

Dominick akageuka akatoka mbio, akaenda ng'ambo ya barabara kununua karanga asizozila.

"Arobaini na tisa," akasema Veronika. "Amekonda."

Abilahi akaleta kwanza shokapu za mtumba. Zilizama kwa kidole. "Huu siyo ulaini, huu ni ugonjwa," Likwata akasema, akaonyesha mafuta yaliyotambaa kwenye mti wake, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka. Kisha zikaja mpya za mafuta, za kawaida, kama zile gari lilizotoka nazo kiwandani. Akazipima urefu na zile za zamani, akaminya raba zake, akaikandamiza moja: ikashuka taratibu, ikapanda taratibu. "Hizi." Bapa la ziada akalitoa. Akaagiza magunia mawili ya mchanga yakae juu ya ekseli ili gari litulie, na matairi yapunguzwe upepo. Zile za gesi Abilahi akazifuta vumbi akazirudisha juu bila ugomvi. Veronika akalala tena kwenye godoro, wakazunguka tena. Safari hii alishuka akasema tu, "Haya."

Asubuhi, pale hospitalini, wauguzi wakamlaza Bibi kwenye godoro nyuma ya pikapu, Veronika kando yake, turubai juu. Mimi nikakaa mbele. Kwenye lami hakuna shida; tulipoiacha, Dominick akashusha mwendo mpaka baiskeli zikatupita. Masikio yake yote yalikuwa nyuma. Tukafika kwenye korongo, pale Bibi alipopiga ukelele siku ile. Tukashuka, tukapanda. Hakuna sauti.

Nilidhani atafurahi. Akaanza kutoka jasho. "Mbona kimya? Mwite Veronika."

Nikagonga kioo, nikaita. Hakuna aliyejibu. Akatamani kusimama, akaogopa kusimama, na maili za mwisho alikuwa anaomba kwa sauti, mtu ambaye kanisani hulala.

Tulipofika uani kwa Bibi alizima gari, akashuka, akatupa mgongo, maana hawezi kumtazama mkwe akiwa amelala. "Fungua wewe. Niambie."

Nikafunua turubai. "Wamelala."

"Wamelala vipi?"

"Usingizi, mtu wewe! Wote wawili. Mkeo anakoroma."

Dominick akachuchumaa kando ya tairi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Machozi yalimtoka wazi, wala hakuyaficha.

Kelele zangu zikamwamsha Bibi. Akamgusa binti yake. "Mbona tumesimama? Gari limeharibika?"

"Tumefika, mama," akasema Veronika akijifikicha macho. "Tupo nyumbani."

Bibi akainua kichwa, akaliona jiko lake. "Kumbe barabara wameshaichonga? Wameichonga lini?"

Veronika akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa ametupa mgongo hatua mbili tu kutoka pale.

"Hawajaichonga, mama," akasema. "Ni mkweo."