Kuku wa Machungwa wa Mama Mkwe

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo langu lilikataa karibu kila kitu kinachopikwa Garissa. Nyama ya mbuzi, chai ya maziwa ya ngamia, hata wali wenye iliki. Nikisikia harufu tu, nakimbilia chooni. Mume wangu ni fundi wa visima, na miezi ile alikuwa kazini upande wa Modogashe, akirudi mara moja moja amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliponiona nimekonda, alimpigia simu mama yake aliyekuwa kijijini kwao Buna, upande wa Wajir.

Mama mkwe akaja na lori la mifugo. Alishuka na mtungi wa samli na mkebe wa nyirinyiri, ile nyama inayokaushwa, ikakaangwa vipande vidogo vidogo na kuhifadhiwa ndani ya samli. Kwao hicho ndicho chakula cha kumrudishia mtu nguvu. Aliufungua mkebe mbele yangu kwa fahari. Nikatapika kwenye beseni kabla hajapata kijiko.

Tulikuwa hatujuani sana. Mimi ni mtu wa mtoni; kwetu tunalima migomba na mahindi kando ya Tana, na tunakula samaki na kuku. Yeye amekulia nyuma ya ngamia. Kwa watu wa rika lake kule, kuku ni ndege tu, na ndege si chakula cha mtu mwenye mifugo. Nilijua pia kwamba mwanawe aliponioa mimi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye Kisomali chake kilitosha kuombea maji ya kunywa, hakufurahi, ingawa hakusema neno. Tuliongea kwa Kiswahili chake na Kisomali changu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Aliniita "mwalimu."

Siku ile alifunika mkebe, akaketi kwenye mkeka kando yangu.

"Mwalimu," akasema, "roho yako inataka nini?"

Niliona haya. Mwaka uliotangulia wifi yangu, binti yake anayeishi Amerika, alikuja likizo akatupikia chakula ambacho kule watu hununua kwenye mikahawa ya Wachina na kwenda nacho nyumbani ndani ya viboksi vya karatasi. Vilikuwa vipande vya kuku vilivyokaangwa vikakauka nje, kisha vikageuzwageuzwa ndani ya mchuzi mzito wa machungwa, mtamu na mchachu. Wiki zile ladha yake ilikuwa ikinijia hata nikiandika ubaoni.

"Kuku," nikasema. "Ile aliyopika dada."

"Ndege," akasema, kama anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akatoa simu kwenye pochi.

Wifi alijibu kwa jumbe za sauti, moja baada ya nyingine. Mama alizisikiliza uani, simu ameibana sikioni, akirudia na kurudia huku akikunja vidole kwa kila kitu alichotajiwa. Asubuhi yake alipanda tuktuk kwenda sokoni. Alirudi na kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa, amemtia mfukoni, na mfuko ameushika mbali na mwili wake kama kwamba bado ungeweza kumdonoa. Alikuwa pia na machungwa, tangawizi, kitunguu saumu, kiboksi cha unga ule mweupe laini wa wanga, na chupa ya sosi ya soya.

"Soma," akanipa chupa. "Bombe iko?"

Nikasoma maandishi madogo nikitafuta pombe. Ilikuwa na divai ya mchele. Hakulalamika. Alijitanda upya, akarudi dukani kwenye jua la saa sita, akaja na chupa nyingine. Hiyo haikuwa na tatizo.

Mimi nilikaa mlangoni, upande upepo unakotokea, nikamwelekeza. Hakuwahi kumkata kuku maishani mwake, ingawa ngamia mzima angeweza kumgawa akiwa amefumba macho.

"Hii mguu nakata wabi?"

"Hapo kwenye kiungo, mama. Kisu kitapita chenyewe."

Mara ya kwanza haikufaa. Unga wote ulibanduka ukabaki kwenye karai, na sukari ikaungua ikawa chungu. Shida nyingine ni kwamba hakuwa tayari kuonja. Alichota mchuzi kwenye kijiko, akaniletea pale mlangoni, akaniangalia uso.

"Chumfi?"

"Ongeza kidogo tu, mama."

Akarudi jikoni, akaja tena. Alipika chakula kile chote kwa kuutazama uso wangu.

Siku iliyofuata alizikausha nyama kwa kitambaa kwanza, akazichovya kwenye yai, akazipaka wanga, akazikaanga mara mbili kama wifi alivyosema. Mchuzi aliupika kwa moto mdogo: maji ya machungwa, maganda yaliyokwaruzwa, sukari, tangawizi nyingi, soya. Ujumbe wa mwisho ulisema amalizie na tone la mafuta ya simsim. Hapo akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka nyumbani kwangu. Simsim alikuwa nayo mkobani, alikuwa akijipaka magotini.

Nikala. Yeye alikaa mbele yangu, mikono mapajani, akingoja kuona kama nitainuka mbio.

"Imekaa?"

"Imekaa, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kusugua karai.

Alinipikia kuku yule karibu kila siku mpaka kichefuchefu kikapungua. Mchana mmoja niliamka nikachungulia dirishani, nikamwona ameketi juu ya jerikeni lililopinduliwa, nyuma ya tangi la maji, kwenye kivuli chembamba kama mkanda. Alikuwa anakula nyirinyiri yake huko ili harufu isinifikie. Sikuambiwa na mtu kwamba anafanya hivyo. Nilirudi kitandani nikalia, na si kwa huzuni.

Jioni tukiwa tunachambua mchele nilimuuliza yeye alitamani nini kwenye mimba yake ya kwanza.

"Ndizi," akasema mara moja. "Nilikula siku moja tu, Wajir mjini. Halafu ikaja mwaka ya ukame. Ndizi itatoka wabi? Nilinyamaza. Hakuna mtu aliuliza."

Nilipiga simu nyumbani kwetu. Mama yangu alivuka daraja la Tana na mkungu wa ndizi mbivu, akaja akakaa nasi mpaka alasiri. Mama mkwe alikula ndizi taratibu, akamenya nyingine, akamshukuru mwenzake kwa Kiswahili kizuri kuliko alichowahi kuniongelesha mimi. Baada ya siku ile aliacha kuniita mwalimu. Akaniita "hooyo," yaani mama, jina ambalo mama wa Kisomali humrudishia mtoto wake mwenyewe.

Binti yetu alizaliwa salama, na sasa anakimbia uani. Kuku wa machungwa hamtaki, anataka tambi. Wifi alipokuja tena niliwapikia wageni, akasema tangawizi imezidi na kwamba kule Amerika hawapiki hivyo, huku akijiongezea sahani. Sikuibadilisha. Ndivyo nilivyofundishwa.

Mama mkwe alikaa nami mpaka arobaini ya uzazi ikaisha. Asubuhi ya safari nilimsindikiza stendi ya magari ya Wajir, mtoto kifuani. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima.

"Mahadsanid, hooyo," nikamwambia. Asante, mama.

Akatikisa kichwa. Nilikuwa nimelitamka vibaya lile neno, nimechomeka "i" kati ya "d" na "s". Akanitamkia polepole, akanifanya nirudie, nikarudia tena huku utingo akipiga bodi ya gari kutuhimiza, mpaka neno likatoka sawasawa. Kisha akambusu mtoto kwenye paji la uso, akapanda.